Pua Iliyopanda Ndege

Kwamsisi, Handeni
12 Februari 2023

Kwa Raymond Mihambo, mpagazi asiye na mzigo,

Salamu sikupi, huna sifa ya kuzipokea. Kama bado unapumua huko Korogwe mshukuru mkeo Catherine anayekupikia, maana wewe ukiachwa peke yako na michembe yako ya viazi ungeshakauka kama yenyewe.

Nakuandikia kuhusu pua yangu. Mwezi uliopita nilikuja hospitalini kwenu, ukanipokea mlangoni mwa maabara umevaa koti jeupe kama mwenye bucha. Daktari Joyceline akanikata kinyama kidogo ndani ya pua, akakitia kwenye kichupa, na kichupa akakukabidhi wewe. Niliona kwa macho yangu. Sasa nauliza, kiko wapi? Mzigua mzima nimempa Mnyamwezi nyama abebe, na tangu hapo kimya! Babu zangu wananicheka huko waliko.

Hebu nisikilize bila kucheka. Pua inazidi. Upande wa kushoto umeziba kabisa, wa kulia unavuta kwa shida, na uvimbe umeanza kulipandia shavu. Watoto wa shule wakipita wanaisalimia pua kwanza, ndipo wananisalimia mimi. Simu nimeacha kupiga, kwa sababu kila ninayempigia anasema mtandao unasumbua, kumbe ni pua. Ndiyo maana naandika. Na barua ina faida yake. Kwenye simu ukianza matusi yako nakata, lakini barua mke wangu Mwaija hunilazimisha niimalize, anataka kucheka.

Kuna muuza dawa mmoja pale Chanika, Handeni mjini, kaniambia bila kupepesa macho kwamba hii ni kansa. Mwaija sijamwambia. Naogopa, Raymond. Nijibu kama mtu mwenye akili, kama zimebaki.

Mtani wako na bwana wako,
Semboja Mhando


Korogwe
25 Februari 2023

Kwa Semboja, pua yenye mtu nyuma yake,

Barua yako nilianza kuisoma kwa sauti mbele ya wenzangu wa maabara, tukacheka mpaka Husna akamwaga chai. Nilipofika kwenye kansa nikaikunja nikaitia mfukoni. Huyo wa Chanika auze panadol, aache kugawa magonjwa.

Sasa kaa chini nikueleze. Kinyama chako tulikikata, tukakipaka rangi, Daktari Joyceline akakitazama kwa hadubini yetu hapa. Seli za kansa hakuziona. Aliona vitu kama vipande vya mirija katikati ya uvimbe, ila vimefifia, hawezi kuapa ni nini. Anashuku fangasi. Fangasi akiwa hai tunamwotesha kwenye kisahani kama wewe unavyootesha miche ya michungwa, akichipua tunamjua. Lakini kinyama chako kilishazamishwa kwenye dawa ya formalini, na formalini huua kila kitu. Ingeua hata harufu ya miguu yako.

Kwa hiyo kipande kimekwenda Dar es Salaam, na Dar wamekipeleka ng'ambo kwenye hadubini ya elektroni. Ndiyo, bwana! Pua yako imepanda ndege. Wewe mwenyewe hujavuka Chalinze, pua iko Ulaya.

Hadubini hiyo si kama hii yetu. Haitumii mwanga, inatumia elektroni, na ndani yake hewa yote imenyonywa. Inakaribia kugusa dari. Kipande chako kitagandishwa ndani ya plastiki, kisha kitakatwa kwa kisu cha almasi. Chukua unywele wako mmoja, kama umebaki, uupasue mara elfu. Wembamba wenyewe ndio huo. Halafu wanakipaka madini ya urani ili kionekane. Kaniambia Daktari mwenyewe.

Na ulipoupata ugonjwa huu napajua. Ni ile tabia yako ya kunusa mboji. Tangu ulipokuja kusoma kwa mjomba wako huko Kerenge tukakalia dawati moja, wenzako wote wanapima mboji kwa mkono, wewe unatumbukiza uso mpaka masikio, unavuta, unatoka na jani puani unasema "bado wiki mbili." Daktari anasema fangasi wengine hukaa humo humo kwenye majani yanayooza. Umewavuta mwenyewe kama ugoro.

Subiri majibu. Na usinywe kitu cha huyo mtu wa Chanika.

Aliyekutangulia kuzaliwa,
Raymond


Kwamsisi
9 Machi 2023

Kwa Raymond, muongo mwenye cheti,

Kisu cha almasi! Mwaija aliisoma barua yako uani, na jirani yetu Stefano alikuwepo anarekebisha jembe. Tulipofika kwenye kisu cha almasi Stefano akaweka jembe chini. Tulipofika kwenye urani akaomba maji.

Mimi nilikuomba jibu la mtu mzima, umeniletea ndege, almasi na mashine isiyo na hewa. Sikushangai. Ni wewe mwaka juzi uliyeniandikia barua yenye muhuri kwamba Wazigua wote waliopita miaka hamsini wanatakiwa Korogwe kuchanjwa kichaa cha mbwa. Nikaja. Nikapanga foleni nyuma ya mbwa wa watu, na mtu wa mifugo akaniuliza, mzee, wako yuko wapi? Nilicheka, yakaisha. Utani ni utani.

Lakini hili la sasa ni uhai wangu. Kama kinyama kimepotea, sema kimepotea. Kama mmekipika, sema mmekipika. Ila nikikutazama unavyozunguka hivi, nahisi unajua kitu na hutaki kukitaja.

Semboja


Korogwe
6 Aprili 2023

Kwa Semboja, shamba la uyoga,

Majibu yamekuja! Ni fangasi. Si kansa. Nakuandikia tena kwa herufi kubwa kwa sababu Mzigua huelewa mara ya pili: SI KANSA.

Jina lake ni refu, Daktari analitamka bila kukwama, mimi nalizunguka. Ni wa nadra, hapa kwetu Daktari hajawahi kumwona kabla yako. Wameona mirija yake wazi kabisa, yenye ukuta mnene kuizunguka. Daktari kanieleza hivi: seli ya mwili wako haina ukuta, ina ngozi nyembamba tu. Kansa ni mwili wako mwenyewe umeasi, kwa hiyo nayo haina ukuta. Ukikuta ukuta, ujue huyo ni mgeni kajenga. Umejengewa nyumba puani, Semboja, na kodi hulipwi.

Ndani ya bahasha kuna vitu vitatu. Kwanza barua ya Daktari Joyceline mwenyewe, ina muhuri. Pili picha iliyopigwa na ile hadubini, ndiye mpangaji wako huyo. Tatu vidonge. Meza asubuhi na jioni baada ya chakula, usiruke, na itachukua miezi. Daktari anasema ukichelewa uvimbe utakula uso wote, na hapo hata watani watakosa pa kutania.

Meza leo. Hata mchana ukikukuta.

Raymond


Kwamsisi
15 Aprili 2023

Kwa Raymond, mwenye kiwanda cha mihuri,

Bahasha imefika. Muhuri ni mzuri, lakini ule wa kichaa cha mbwa ulikuwa umekolea zaidi.

Picha tumeigeuza pande zote nne. Mwaija anasema ni barabara ya kwenda Kwamsisi baada ya mvua, imepigwa kutoka juu. Stefano, aliyekata mkonge miaka yote ya ujana wake, anaapa ni singa za mkonge uliooza, umezisogelea na simu ukapiga. Mimi naona ni mkonge. Wewe na ukoo wenu mliletwa Korogwe na mkonge, na kila uongo wenu unatoka humo humo.

Na yule mwanamke uliyempa simu ajifanye daktari, eti "Mzee Semboja, umeshaanza dawa?", mwambie Catherine nimeitambua sauti yake. Nilikata.

Vidonge nimeviweka juu ya kabati. Kimoja nimempa jogoo nione. Hajafa, ila sasa anawika saa nane mchana.

Raymond, tuache. Mtu mwenye habari njema huja mwenyewe, au huisema kwa kifupi. Wewe umeandika kurasa na kurasa kunithibitishia kwamba si kansa. Nimeelewa unachokificha. Pua imefika chini ya jicho.

Semboja


Korogwe
24 Aprili 2023

Kwa Ndugu Semboja Mhando,

Shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta wewe pamoja na familia yako mkiwa katika hali njema. Mimi na familia yangu hatujambo.

Ndugu, napenda kukujulisha kwa heshima kwamba yote niliyokuandikia awali kuhusu ugonjwa wako ni ya kweli. Mwanamke aliyekupigia simu alikuwa Daktari Joyceline. Nakuomba sana umeze dawa uliyopewa kwa kufuata maelekezo yake. Katika barua hii hakuna utani wa aina yoyote.

Nakutakia kila la heri. Tuko pamoja nawe katika kipindi hiki.

Wako mtiifu,
Raymond S. Mihambo


Kwamsisi
3 Mei 2023

Shemeji Raymond,

Mimi ni Mwaija. Za huko sikuulizi, utaniambia siku nyingine, maana leo nina hasira na wewe.

Umefanya nini? Tulikuwa tunapukuchua mahindi barua yako ilipokuja. Akaifungua, akasoma neno la kwanza. Akaketi juu ya gunia. "Mwaija," akasema, "ninakufa." Nikamwambia soma basi mbele. Akasema, "Hakuna haja, Raymond kaniamkia shikamoo. Raymond anayenizidi umri! Tangu tuko watoto hajanisalimia hata siku ya harusi yangu, alikuja akanyakua sahani ya pilau na viatu vya bwana harusi. Leo ananiamkia. Ameshaniona maiti."

Na hapo kwenye "tuko pamoja nawe katika kipindi hiki" hata mimi niliweka gunzi chini. Hayo si maneno ya matanga, shemeji?

Tangu siku hiyo hapa hapakaliki. Baiskeli kampa Stefano. Beberu kamtenga, anasema ni haki yako kama mtani siku ya mazishi, na kaagiza usije kunyamaza, uje ufanye vurugu zote unazotakiwa kufanya. Juzi nilimkuta nyuma ya michungwa kachagua mahali. Kachimba kidogo, kachota udongo, na wallahi shemeji, kaunusa! Akasema hapo hapafai, hapajaiva.

Hiyo habari ya kansa aliniambia jana akilia. Nilikuwa naijua siku nyingi, Chanika nzima inaijua. Nilimwacha aifiche kwa sababu ilimpa kazi ya kufanya.

Mimi siku ile nilipocheka kuhusu barabara nilikosea. Nimeitoa barua ya Daktari nikaisoma peke yangu polepole, nikaona huyu si wewe, huna utaratibu huo. Nimemwambia. Ananijibu eti na mimi nimeshirikishwa kumliwaza. Ningepiga simu, ila mtandao hapa unapatikana pembeni ya zizi tu, na huko ndiko anakokaa mchana kutwa akimwangalia beberu wako.

Basi nakuomba kitu kimoja. Mtukane. Mtukane sana, kama zamani, na katikati ya matusi mweke dawa. Huyu mzee nampenda na pua yake. Asiponywa nitafanya nini mimi na michungwa peke yangu?

Mwaija


Korogwe
8 Mei 2023

Kwa Semboja, marehemu wa kujitangaza,

Nani kakupa ruhusa ya kufa? Uliomba kwa nani? Mimi ndiye mtani wako, mazishi yako ni sherehe yangu, na mimi sijapanga tarehe! Mzigua huyu! Hata kufa unataka kujifanyia mwenyewe bila kuuliza wenye kazi.

Beberu simtaki, amekonda kwa kutazamwa. Nikija nitachukua jogoo, yule aliyemeza dawa yangu. Na baiskeli iondoe kwa Stefano kabla hajaanza kuuza kengele.

Nilikuamkia kwa sababu niliogopa, mpumbavu wewe. Nilikaa na Catherine nikamwambia huyu hamezi, nifanye nini? Catherine akasema jaribu adabu. Nikajaribu. Umeona mwenyewe adabu inavyodhuru. Sitarudia.

Sasa fungua masikio, mapana unayo. Ndege ni kweli. Almasi ni kweli. Urani ni kweli. Mashine isiyo na hewa ni kweli. Ungekuwa utani wangu ungekuwa mzuri kuliko huo, kama ule wa mbwa. Mimi nikitaka kukudanganya siwezi kubuni kisu cha almasi kwa ajili ya pua ya mtu wa Kwamsisi, hata mimi nina kiasi!

Tuwekeane dau. Umeze dawa mpaka Daktari aseme basi, bila kumgawia kuku. Pua isipopungua, nitakuja Chanika siku ya soko, nikubebe mgongoni mpaka Kwamsisi, na nikipita watu waseme "tazameni Mnyamwezi karudia kazi ya babu zake." Barabara nzima, na mimi na magoti haya. Lakini pua ikipungua, utakuja Korogwe, utasimama mlangoni mwa maabara mbele ya Husna na wote, uniamkie shikamoo kwa sauti. Maana nakuzidi umri, na hujawahi kunipa haki yangu hata siku moja.

Ukifa nitamtukana nani? Catherine nilimjaribu juzi, nimelala njaa.

Meza, Semboja. Tafadhali meza.

Raymond


Kwamsisi
19 Mei 2023

Kwa punda wangu wa Korogwe,

Barua imefika, na nimelala vizuri mara ya kwanza tangu ile ya shikamoo. Kumbe bado una ulimi mchafu.

Nimeanza kumeza. Si kwa sababu nimeamini. Nameza kwa sababu nataka kupanda mgongoni kwako siku ya soko, na nimeanza kula ugali wa bada kwa wingi niongeze uzito. Stefano amesharudisha baiskeli. Kengele haipo.

Yule Daktari alipiga tena simu. Safari hii sikukata. Sauti si ya Catherine.

Semboja


Kwamsisi
2 Agosti 2023

Raymond,

Usishangilie. Tundu la kulia limefunguka, la kushoto linapiga filimbi. Shavu limerudi mahali pake. Mwaija anasema ni dawa. Mimi nasema ni mchuzi wake wa kuku.

Si yule jogoo. Jogoo tumemwacha, ni wa kitabibu sasa.

Semboja


Kwamsisi
14 Oktoba 2023

Kwa Raymond, mpagazi aliyeponea chupuchupu,

Juzi nilikuja Korogwe kwa Daktari Joyceline. Kanitazama puani na taa yake, kanigusa, kacheka peke yake. Anasema niendelee na dawa kidogo, lakini uvimbe umekwisha. Kisha kaniwekea zile picha za hadubini kwenye kompyuta, akaifungua ile yangu, akanionyesha ukuta wa yule mgeni kwa kalamu. Nikauliza, kile kisu kilikuwa cha almasi kweli? Akasema ndiyo, mzee. Na urani? Ndiyo. Nikaomba maji kama Stefano.

Nimeshindwa. Mzigua halikwepi deni lake, kwa hiyo nikaenda maabara. Hukuwepo! Husna akasema umekwenda Kerenge kwenye msiba. Mimi nimetoka Kwamsisi, siwezi kurudi na shikamoo yangu mfukoni. Basi koti lako jeupe lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango. Nikasimama mbele yake, nikavua kofia, nikaliamkia kwa sauti, watu wote wa foleni wakasikia. Muulize Husna. Koti lina adabu kukuzidi, halikunitukana.

Picha nimeitia fremu. Iko sebuleni karibu na ile ya harusi yetu. Wageni wakiuliza huyu ni nani, Mwaija anawajibu ni mpangaji, tulimfukuza. Mboji sasa naipima kwa mkono kama watu wa kawaida, na nafsi inaniuma.

Deni nimelipa, kwa hiyo hili la sasa si la deni. Mwaija kaenda mashineni kusaga, niko peke yangu na hakuna atakayesoma. Nilishachagua mahali nyuma ya michungwa, Raymond. Nilishamgawia Stefano baiskeli. Asubuhi hii nimeamka nimesikia harufu ya machungwa kutoka dirishani, nikakaa kitandani nikalia kama mtoto.

Shikamoo, kaka.

Semboja


Korogwe
21 Oktoba 2023

Semboja,

Marahaba, mdogo wangu.

Imetosha. Huruhusiwi kurudia. Nimeisoma barua yako, nikaenda moja kwa moja kwa Daktari Joyceline kumuuliza kama kuna ugonjwa wangu wowote ambao wewe umeshaambiwa na mimi bado.

Raymond